Kushindwa kwa majaribio ya programu huria kwenye mifumo tofauti

Kushindwa kwa ujenzi na kushindwa kwa majaribio ni hali zinazotokea pale programu huria iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi wake inapokataa kujengwa, au inapotoa majibu yasiyotarajiwa, kwenye kompyuta nyingine. Ujenzi ni kazi ya kugeuza msimbo chanzo, yaani maandishi ya mtunga programu, kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Majaribio ni programu ndogondogo zinazoambatana na msimbo huo ili kukagua kama kila sehemu inatoa jibu sahihi.

Msimbo wa programu huria uko wazi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuujenga kwenye Linux, Windows, macOS au FreeBSD, na kwenye kompyuta mpya au kuukuu. Mwandishi hawezi kuyajua mazingira yote hayo. Sehemu kubwa ya hitilafu hizi hutokana na jambo ambalo mwandishi aliliona la kawaida pale alipo, akalitegemea bila kuliandika. Saa na tarehe ni mfano mzuri, na magharibi mwa Tanzania panauonyesha waziwazi.

Sababu za kawaida

Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi. Programu inayoita faili "Tabora.txt" wakati jina lake halisi ni "tabora.txt" itajengwa kwenye macOS na kugoma kwenye Linux. Mwisho wa mstari nao hutofautiana: Windows huuandika kwa alama mbili, Linux kwa moja, na jaribio linalolinganisha maandishi herufi kwa herufi huona tofauti ambayo jicho halioni.

Kompaila nayo hubadilika kadiri matoleo yanavyosonga. GCC 10, ya mwaka 2020, iliacha kuvumilia kigeu kimoja kutangazwa katika faili kadhaa kwa mtindo wa zamani wa lugha ya C. GCC 14, ya mwaka 2024, iligeuza baadhi ya maonyo ya siku nyingi kuwa makosa yanayosimamisha ujenzi. Msimbo haukuguswa, lakini ujenzi ukavunjika.

Saa za Tabora

Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia (UTC). Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC. Jaribio linalotarajia sekunde ya sifuri isomeke "00:00" litafaulu kwenye seva iliyowekwa UTC. Kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa Tabora litasoma "03:00", yaani saa tisa usiku, na kushindwa.

Hitilafu kama hiyo ikiwa kwenye jaribio tu, haimdhuru mtu. Ikiwa ndani ya programu yenyewe, huharibu kumbukumbu. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi 2015 anaandikwa kliniki, na programu inaigeuza siku hiyo kuwa saa sita usiku ya Tanzania, kisha kuwa UTC: inakuwa 28 Februari, saa tatu usiku. Seva ikisoma tarehe peke yake, mtoto amerudishwa nyuma siku nzima, na pengine mwezi, na ratiba yake ya chanjo inahesabiwa kutoka hapo. Mtunga programu aliyeko New York hataliona kosa hili kwake, kwa sababu saa sita usiku ya New York ni saa kumi au saa kumi na moja alfajiri ya siku ileile kwa UTC. Aliyeko London wakati wa baridi hataliona pia. Linajitokeza mashariki ya Greenwich, na ndiyo maana taarifa ya mtumiaji wa Afrika Mashariki ina thamani ambayo majaribio mengi ya mwandishi hayawezi kuifidia. Mifumo huria ya afya inatumika sana katika eneo hili, ikiwemo OpenMRS, na DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo inayotumiwa na wizara za afya, pamoja na ya Tanzania.

Tarehe za enzi ya misafara

Ugumu huongezeka kwa tarehe za kale. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilitembewa na wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani wakati kila mji ulifuata jua lake. Nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4 za jua, hivyo adhuhuri ya Ujiji huja takriban dakika 37 baada ya ile ya Bagamoyo. Tabora, iliyo karibu na nyuzi 32.8 mashariki, jua lake liko nyuma ya saa rasmi ya leo kwa dakika 49 hivi. Anayesubiri kivuli kifupi kabisa hapo atakipata, kwa wastani, saa saba kasoro dakika 11.

Programu nyingi huchukua historia ya saa kutoka kanzidata ya tz, iliyoanzishwa na Arthur David Olson na kutunzwa kwa miaka mingi na Paul Eggert. Tanzania humo ina jina "Africa/Dar_es_Salaam". Kwa kuwa saa za Tanzania na Kenya zimekuwa sawa tangu 1970, jina hilo siku hizi ni kiungo tu kinachoelekeza "Africa/Nairobi". Kwa tarehe za leo hakuna tofauti. Kwa usiku wa kuamkia 1 Januari 1900, kompyuta yenye data kamili ya Dar es Salaam hutumia saa 2, dakika 37 na sekunde 8 mbele ya UTC, na yenye kiungo hutumia 2:27:16 ya Nairobi. Majibu yao kwa UTC ni 21:22:52 na 21:32:44. Zimeachana kwa dakika 9 na sekunde 52, na hakuna iliyoharibika: ni wasambazaji tu waliochagua kuijenga kanzidata kwa njia mbili. Saa ya jua ya Tabora yenyewe, takriban 2:11, haimo katika yoyote.

Kiswahili kimoja, alama mbili

Msafara uliovuka Ziwa Tanganyika uliingia Kongo ukiwa na Kiswahili chake. Kompyuta hutenganisha Kiswahili cha Tanzania (sw_TZ) na cha Kongo (sw_CD): elfu moja na nusu ni 1,000.5 upande wa mashariki, na 1.000,5 upande wa magharibi. Programu inayosoma nambari kwa mpangilio wa mfumo huweza kuona "1.000" ya Kongo kama moja tu. Aidha, mifumo mingi midogo ya Linux haiji na sw_TZ, na jaribio linaloihitaji hushindwa kabla halijaanza.

Namna ya kurekebisha

Hatua ya kwanza ni kuifanya hitilafu irudi kwa makusudi. Kwa saa, inatosha kuendesha majaribio mara mbili, `TZ=UTC make check` na `TZ=Africa/Dar_es_Salaam make check`, na kulinganisha. Kama hitilafu ilianza baada ya badiliko fulani, amri ya `git bisect` hugawa historia nusu kwa nusu hadi badiliko hilo lipatikane. Kati ya mabadiliko 1,000, majaribio 10 hivi yanatosha.

Kisha huamuliwa kosa liko wapi. Kama ni jaribio, litangaze lenyewe kanda ya saa linayoitaka. Kama ni programu, tarehe ya kuzaliwa ihifadhiwe kama tarehe, bila saa. Kulizima jaribio, au kubadilisha jibu linalotarajiwa ili lilingane na kompyuta ya mrekebishaji, huhamishia hitilafu kwa mwingine. Kwa bahati mbaya ndiyo njia inayotumika sana. Kiraka hutumwa kwa waandishi wa programu pamoja na jina na toleo la mfumo, toleo la kompaila na la kanzidata ya tz, na thamani ya TZ iliyotumika.