Nani Aliijua Pani Kabla ya 2001?

Tarehe 10 Aprili 2001 Ofisi ya Hataza ya Marekani ilitoa hataza namba 6,212,772 kwa Wamarekani wawili, George Whitmyre na Harvey Price. Kilicholindwa ni njia ya kutengeneza pani, ile ala ya chuma ya visiwa vya Karibi, kwa kulisukuma bati kwa shinikizo la maji hadi lishike umbo la bakuli. Trinidad na Tobago, ilikozaliwa ala hiyo na ambako serikali iliitangaza kuwa ala ya taifa mwaka 1992, ilichachamaa ilipopata habari. Neno lililosikika zaidi lilikuwa wizi. Nalielewa neno hilo, lakini siamini kwamba ndilo linaloutaja uovu wenyewe. Pani haikuibwa siku ile. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo alichopewa mkaguzi wa hataza cha kuamua ni maarifa ya nani yanayohesabika kuwa maarifa, na kasoro hiyo ilikuwa kubwa kuliko hataza yoyote moja.

Historia ya pani inaanza na marufuku. Baada ya ghasia za Canboulay za 1881 kati ya washerehekeaji wa kanivali na polisi, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilibana upigaji wa ngoma za ngozi kwa sheria ya miaka ya 1880. Watu weusi wa Port of Spain, wengi wao wazao wa watumwa walioachiwa huru kama miaka hamsini tu nyuma yake, wakageukia mianzi: vipande vya urefu mbalimbali, vingine vikigongwa ardhini, vingine vikipigwa kwa vijiti. Kufikia miaka ya 1930 chuma kilikuwa kimeingia, kwa njia ya mikebe ya biskuti, makopo ya rangi na vifuniko vya mapipa ya taka. Vijana waligundua kwamba kila mbonyeo kwenye bati hutoa sauti yake, na kwamba mbonyeo huo ukigongwa zaidi sauti hubadilika. Kanivali ilisimamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha mwaka 1945 makundi yalitoka barabarani na vyuma vyao. Winston Simon wa mtaa wa John John anakumbukwa kwa kupiga nyimbo kamili mbele ya gavana mwaka 1946. Ellie Mannette wa kundi la Invaders anasifiwa kwa kuubonyeza uso wa pipa uelekee ndani, na kwa kulileta pipa la mafuta la galoni 55. Anthony Williams alizipanga noti katika mduara ambao leo ndio kawaida ya pani ya sauti ya juu, na Bertie Marshall akaanza kurekebisha hata zile sauti ndogo zinazofuatana na noti kuu. Mwaka 1951 kundi la vijana waliochaguliwa kutoka makundi mbalimbali, TASPO, lilikwenda London kwenye Tamasha la Uingereza, na waliowasikiliza hawakuamini kwamba mapipa yenye kutu yangeweza kutoa muziki ule. Stendi ya kubebea pani nayo ilizaliwa katika viwanja vya pani, yaani nyua ambamo makundi hufanyia mazoezi. Awali mpigaji alivaa pani shingoni kwa mkanda na kutembea nayo. Bezi ilipohitaji mapipa sita na hata tisa kwa mpigaji mmoja, shingo haikutosha tena, na fremu za chuma zenye magurudumu zikachukua mzigo.

Wapo wanaouliza kwa ukali kwa nini wavumbuzi hao hawakwenda kusajili walichokibuni. Swali hilo linasahau waliokuwa wakiishi pale. Walikuwa vijana maskini wa mitaa iliyotazamwa na polisi kama maficho ya wahuni. Wazazi wengi waliwakataza watoto wao kukanyaga uwanja wa pani. Uvumbuzi wenyewe haukuwa wa mtu mmoja. Jambo lililobuniwa mtaa wa John John lilisikika mtaa wa Woodbrook siku chache baadaye, likaigwa na kuboreshwa, na kundi la tatu likalichukua kutoka hapo. Hataza inataka jina na siku. Pani ilikuwa na mitaa na misimu. Hata tungemkuta mtu wa kuandikisha, hesabu isingesaidia sana. Hataza ya Marekani ya wakati ule ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Iliyotolewa mwaka 1946 ingekufa mwaka 1963, mwaka ule ule ambao mashindano ya pani ya Panorama yalifanyika kwa mara ya kwanza. Hakuna hataza ya waasisi ambayo ingekuwa hai mwaka 2001 ikiwalinda wajukuu wao.

Mkaguzi wa hataza hapimi utamu wa ala wala hadhi ya taifa lililoizaa. Anasoma madai, yaani zile sentensi zinazochora mpaka wa kile mwombaji anachotaka kiwe chake, na anauliza mambo mawili. Je, kitu hiki kizima kilikuwa kinajulikana? Na kama hakikujulikana kikiwa kizima, je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo angekifikia kwa urahisi kutokana na vilivyojulikana? Swali la pili liliingizwa rasmi katika sheria ya Marekani mwaka 1952, lakini mahakama zilikuwa zikiliuliza tangu karne ya 19. Mwaka 1875 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilifuta hataza ya penseli iliyofungwa raba mwishoni, kwa hoja kwamba penseli iliendelea kuandika na raba iliendelea kufuta, wala hakuna kilichobadilishwa na mwenzake. Ngoma na stendi yake huhukumiwa kwa kipimo hicho hicho. Ulysses Leedy wa Indianapolis anatajwa kuwa ndiye aliyebuni mwaka 1898 stendi ya ngoma ndogo inayoweza kupandishwa na kushushwa, wakati wapigaji wengi wa orkesta walikuwa bado wakiiegemeza ngoma kwenye kiti. Anayeomba leo hataza ya ngoma iliyokaa juu ya stendi ataambiwa kwamba stendi inabeba kama stendi zilivyobeba daima. Lazima aonyeshe jambo linalotokea kwa sababu viwili hivyo vimekutana, kwa mfano namna ya kuishika ngoma inayoacha ukuta wake utetemeke huru na mlio udumu. William Ludwig wa Chicago, aliyekuwa mpiga ngoma, alipata mwaka 1909 hataza ya pedali ya ngoma kubwa aliyoibuni kwa sababu pedali za wakati ule hazikuweza kwenda na kasi ya muziki wa ragtime. Pedali zilikuwapo kabla yake, hivyo wazo la kupiga ngoma kwa mguu halikuwa lake. Alipewa mpangilio wa vyuma vyake tu.

Tukiisoma hataza ya 2001 kwa macho hayo, mpaka wake ni mwembamba kuliko kelele zilizoizunguka. Kichwa chake kinaitaja pani kuwa ya Karibi, maana yake waombaji hawakudai kuibuni. Walidai njia moja ya kuunda bakuli kiwandani. Fundi wa mtaa wa Laventille, Trinidad, aliyeshika nyundo hakuguswa, wala mpigaji, wala mwanafunzi wa Brooklyn aliyenunua pani ya mkono. Na hata tukihesabu kwa ukarimu wote, muda wa hataza hiyo, miaka 20 tangu maombi kuwasilishwa, ulikuwa umekwisha kabla ya Aprili 2021. Lakini wanaotumia hoja hii kuwaambia watu wa Trinidad kwamba walikasirika bure wanakwenda mbali mno. Kubonyeza bakuli kwa nyundo ni kazi ya siku nyingi yenye kuumiza masikio na viungo, na ndiyo riziki ya mafundi wa pale. Mashine inayofanya hatua hiyo kwa dakika chache, ikiwa mikononi mwa mtu wa nchi tajiri mwenye haki ya kuwazuia wengine wasiitumie njia hiyo, ni tishio la kweli kwa mifuko yao. Hasira ilikuwa na msingi. Ilikosea tu mahali pa kuelekea.

Mahali penyewe ni kifungu cha sheria ya Marekani kilichokuwa kikitumika wakati ule. Kilitenganisha maarifa kwa jiografia. Jambo lililojulikana au kutumiwa ndani ya Marekani lilihesabika dhidi ya mwombaji hata kama halikuandikwa. Jambo lililojulikana nje ya Marekani lilihesabika tu likiwa limepewa hataza au kuelezwa katika chapisho. Yaani fundi wa Port of Spain angeweza kufanya kitu kwa miaka thelathini mbele ya umati, na bado mbele ya sheria hiyo kikawa hakijulikani kwa sababu hakuna aliyekichapa. Huu haukuwa ulazima wa mfumo wa hataza. Mkataba wa Hataza wa Ulaya uliosainiwa Munich mwaka 1973 unahesabu chochote kilichofikia umma kwa maandishi, kwa mdomo, kwa matumizi au kwa njia nyingine yoyote, bila kujali nchi. Kenya ilipopitisha sheria yake ya mali za ubunifu wa viwandani mwaka huo huo wa 2001, nayo iliyakubali maelezo ya mdomo na matumizi kutoka popote duniani. Marekani ilikuwa imechagua kutosikia.

Mtu makini atapinga hapa: je, sheria bora ingebadilisha chochote? Sijaona ushahidi kwamba uwanja wowote wa pani uliwahi kutumia shinikizo la maji, na upya wa njia ile kwa hiyo ungeweza kusimama hata Munich. Nakubali. Ila lile swali la pili, la fundi wa kawaida, ndilo lingekuwa gumu zaidi. Trinidad kulifanyika majaribio miaka ya 1970 ya kuunda bakuli la pani kwa mashine badala ya nyundo. Kubonyeza bati kwa shinikizo la maji ni mbinu iliyokuwa ya kawaida katika viwanda vya vyuma. Aliye na vyote viwili mbele yake ana haki ya kuuliza kama kuviunganisha kulihitaji uvumbuzi. Sisemi jibu lingekuwa hapana kwa hakika. Nasema mkaguzi aliyezibwa sikio moja hakuwa katika hali ya kulijibu swali hilo kwa haki, na hilo linatosha kuilaumu sheria.

India ilijifunza mapema kwamba yasiyoandikwa hayahesabiki. Mwaka 1995 chuo kimoja cha tiba cha Mississippi kilipewa hataza ya Marekani ya kutumia manjano kuponya vidonda, dawa ambayo bibi wa India hahitaji kufundishwa. Baraza la utafiti wa sayansi la India liliipinga, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kilichoifuta ni maandishi, yakiwemo ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari wa India la 1953. Mamilioni ya watu waliokuwa wakipaka manjano kwenye vidonda hawakuwa na uzito wa kurasa hizo. Ndipo serikali ya India ikaanzisha hifadhi ya kidijitali ya maarifa ya jadi, iliyopangwa kwa namna ambayo wakaguzi wa ofisi za hataza wanaweza kuipekua.

Pani nayo ilikuwa na karatasi zake, na zilifanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Pete Seeger, mwimbaji wa Marekani, alitoa New York kitabu cha kufundisha namna ya kutengeneza na kupiga pani. Mwaka 1991 Ulf Kronman alichapisha Stockholm mwongozo mzima wa kutengeneza pani na kurekebisha sauti yake, hatua kwa hatua, kuanzia kuchagua pipa. Baada ya vitabu hivyo hakuna mtu ambaye angeweza kudai mbele ya mkaguzi wa Marekani kwamba yeye ndiye aliyebuni kubonyeza pipa kwa nyundo, kuchora mipaka ya noti au kulichoma bati motoni. Ulinzi huo ulitoka kwa Mmarekani na Mswidi. Nawashukuru wote wawili, na papo hapo inaniuma kwamba miongozo hiyo haikutoka Trinidad, kwa sababu anayeandika ndiye anayeamua lipi linaingia na lipi linaachwa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mafundi wenyewe: kuandika ni kugawa siri. Kweli, kilichochapishwa kinaweza kuigwa na yeyote. Lakini kinachofanywa hadharani katika uwanja wa pani si siri tena. Kimeshagawiwa, kasoro yake ni kwamba hakina tarehe. Kukichapisha hakumpunguzii fundi kitu, ila kunamzuia mgeni asikifungie. Aliye na jambo jipya kweli, na anayetaka kulipwa kwalo, anayo njia ya kuomba hataza kabla ya kuonyesha. Chuo Kikuu cha West Indies kilifanya hivyo. Kikundi cha Brian Copeland huko St. Augustine kilizindua mwaka 2007 familia ya pani iitwayo G-Pan, pana kuliko kawaida, ambayo pani yake ya sauti ya juu hubeba noti 37, sawa na oktavu tatu kamili, nacho kikaipatia hataza. Hapo mkaguzi yule yule aliyelaaniwa mwaka 2001 aliitumikia Trinidad.

Kuanzia tarehe 16 Machi 2013 sheria mpya ya Marekani iliondoa mpaka wa kijiografia: matumizi ya wazi popote duniani yanahesabika. Ni ushindi, japo hakuna aliyeupigia pani. Hata hivyo mkaguzi bado anafanya kazi kwa saa chache kwa kila ombi, akiwa mbele ya kompyuta, na matumizi ya wazi yasiyo na picha, mchoro wala tarehe hayamfikii. Julai 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 11 Agosti kuwa Siku ya Pani Duniani. Heshima hiyo inastahili, lakini haimwonyeshi mkaguzi namna pipa linavyoning'inizwa. Ningepewa nafasi ya kushauri viwanja vya Port of Spain, ningewaomba waanze na stendi na fremu zao. Bakuli limeshaandikwa vya kutosha. Ni zile kulabu, kamba, viungo vya kukunja na magurudumu, vinavyoboreshwa na mchomeleaji kila msimu wa kanivali bila mtu kuviandika, vinavyoweza kudaiwa kwa urahisi zaidi na mgeni mwenye wakili.