Themostati: Kifaa Kidogo na Historia ya Uhaba

Likizo iliyopita gari la mjomba wangu lilichemsha tukiwa njiani kutoka Kasese kwenda Bwera. Fundi mmoja mzee alilikagua akasema themostati imekufa, imekwama ikiwa imefungwa. Ushauri wake ulikuwa mfupi: itolewe na isirudishwe nyingine, kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Nilipomuuliza alijifunza wapi jambo hilo, alijibu kwamba enzi za Amin walifanya hivyo na magari yalitembea. Insha hii inajadili jibu hilo kama ushahidi wa kihistoria.

Themostati ni kizibo kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ile ya nta ilibuniwa na Sergius Vernet katika miaka ya 1930. Injini ikiwa baridi, kizibo hufunga ili ipate moto haraka. Maji yakikaribia nyuzi 82 hadi 88, kutegemea injini, nta huyeyuka, hutanuka na kukifungua. Kwa hiyo kazi yake si kupoza tu, bali kuweka joto linalofaa. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta mengi na huchakaa mapema, hata hapa karibu na Ikweta. Tena, katika baadhi ya injini, themostati ikitolewa sehemu ya maji huikwepa rejeta, na gari huweza kuchemsha zaidi likipanda mlima.

Kwa nini basi mafundi waliitoa? Kasese ilikua kwa sababu ya shaba ya Kilembe, na reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956. Mji wa mgodi na reli ulihitaji malori, mafundi na spea kutoka nje. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao walishika sehemu kubwa ya biashara nchini. Maduka yalibadilisha wenyewe, fedha za kigeni zikapungua, bidhaa zikaadimika na magendo yakashamiri. Katika hali hiyo, fundi mwenye themostati iliyokwama alikuwa na njia mbili: kuitoa au kuliacha gari juu ya mawe. Kuitoa ilikuwa busara.

Hoja yangu ni kwamba mzee yule alisema kweli kuhusu wakati wake, lakini sababu imebadilika mdomoni. Uhaba ulipokwisha, desturi ilibaki, ikapewa sababu mpya ya hali ya hewa. Sisi wanafunzi wa historia tunapopokea masimulizi ya wazee, hatuna budi kutenganisha tendo na maelezo yake. Tendo linaweza kuwa la kweli ilhali maelezo yamekuja baadaye.

Mjomba alinunua themostati mpya. Mzee hakukasirika. Aliitia kwanza kwenye sufuria ya maji, akayachemsha, tukaiona ikifunguka. Injini ilipopoa alimwaga maji, akakwangua gasketi kuukuu, akaifunga upande wa springi ukielekea injini, kisha akajaza maji na kutoa hewa. Nikamuuliza kama zamani alijua kuifunga hivyo. Akasema alijua tangu ujana wake. Kilichokosekana ni ya kufunga.