Nani Alibonyeza «Nakubali»?

Katika msimu mmoja wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu niliingia steshenari ya mtaa wa Soweto, hapa Moshi, kutoa nakala ya barua. Kwenye kompyuta ya wateja aliketi binti aliyemaliza kidato cha sita, vyeti vyake vimepangwa magotini, akijaza fomu. Kila alipobonyeza mahali, ukurasa wa kubeti ulifunguka juu ya fomu yake. Alipoandika jina la Bodi ya Mikopo ili aanze upya, kivinjari kilimpeleka kwenye injini ya utafutaji ambayo hakuna aliyeichagua, na majibu yote ya juu yalikuwa matangazo. Kijana wa duka alinitazama kwa aibu kidogo. «Ni virusi tu, mwalimu. Vimeingia vyenyewe.»

Neno hilo, «vyenyewe», ndilo lililonifanya niandike makala haya. Virusi huingia kwa kuvunja au kwa kunyata. Programu za matangazo zina historia tofauti: zimeingia kwa mlango wa mbele, zikiwa na hati ya ruhusa mkononi.

Tangazo la kwanza la bango kwenye tovuti linalokumbukwa sana lilitokea tarehe 27 Oktoba 1994, katika jarida la mtandaoni la HotWired, likilipiwa na kampuni ya simu ya AT&T. Lilikuwa kama karatasi iliyobandikwa ukutani: ukiondoka ukutani, umeliacha. Mageuzi yalikuja miaka michache baadaye, pale tangazo lilipohama kutoka kwenye tovuti na kufanya makao ndani ya kompyuta ya msomaji. Programu ya Gator ilijitolea kukukumbushia nywila na kukujazia fomu bila malipo. Kwa malipo yasiyotajwa kwa sauti, ilifuatilia ulikokwenda na kufungua matangazo yake juu ya kurasa za wengine. Mwaka 2002 magazeti makubwa ya Marekani, New York Times na Washington Post yakiwamo, yaliishtaki. Mwaka uliofuata walipatana nje ya mahakama, na kampuni ikajibatiza jina jipya, Claria. Mwaka 2006 kampuni nyingine ya aina hiyo, Zango, ilikubali kulipa dola milioni 3 kumaliza shauri lake na Tume ya Biashara ya Marekani.

Utetezi wa kampuni hizi ulikuwa mmoja daima: mtumiaji alikubali. Kwa herufi za sheria hawakuwa wakidanganya kabisa. Kisanduku kilikuwapo, ila kilikuwa kimekwisha kutiwa tiki. Hata kisakinishi cha Java, programu iliyotumika hadi katika ofisi za serikali duniani kote, kilikuwa kwa miaka mingi kikipendekeza upau wa Ask kwa namna hiyohiyo, na aliyebonyeza «Endelea» bila kusoma aliupokea. Februari 2015 ikabainika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa tayari na Superfish, programu iliyojiweka katikati ya kivinjari na tovuti zilizolindwa, za benki zikiwamo, ili ipate mahali pa kupachika matangazo. Hapo hata kisanduku cha kutia tiki mnunuzi hakukiona.

Kwetu historia hii ilifika kwa kuchelewa. Nchi hii ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, jambo ambalo wanafunzi wangu hudhani nalitunga. Mkonge wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, tulikuwa tumeshazoea kupitishiana programu kwa flashi na kuzipakua kutoka tovuti za «bure» ambazo huifunga programu halali ndani ya kisakinishi chao wenyewe. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, mteja anasubiri, umeme unaweza kukatika. Nani angesoma?

Wenzangu wanaofundisha historia ya mlima huu watakuwa wameshakisia ninakoelekea. Katikati ya mwaka 1885 Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alipokea bendera ya Sultani wa Zanzibar kutoka kwa Jenerali Mathews. Muda mfupi baadaye, mwezi Juni, akawekeana mkataba na Mjerumani Karl Jühlke. Sikubaliani na wanaomsimulia Rindi kama mjinga aliyehadaiwa kwa karatasi. Alikuwa mwanadiplomasia hodari, akiwatumia wageni dhidi ya majirani zake, na huenda kwa hesabu za siku ile hakukosea. Ila karatasi ile ilikwenda kusomwa Berlin, na waliokuja kuilipa ni watu wa mteremko mzima ambao hawakuwapo barazani. Mwanawe, Meli, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900.

Kompyuta ya duka ni jambo dogo mbele ya hayo, lakini umbo la ridhaa ni lilelile. Aliyebonyeza alikuwa kijana wa duka. Nywila, namba ya kitambulisho na majina ya wazazi vilivyokuwa vikiandikwa siku ile vilikuwa vya binti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ujumbe usioombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka ridhaa ya mwenye taarifa mahali pa heshima. Ni hatua njema. Bado sioni jinsi inavyomfikia anayekaa kwenye kiti ambacho ridhaa yake ilishatolewa na mtu mwingine miezi miwili kabla. Nawaambia hasa watumishi wa umma wanaosoma hapa: kompyuta ya masjala inayotumiwa na watu watano ni kiti cha namna hiyo.

Tulisafisha. Tulifungua orodha ya programu na kuipanga kwa tarehe: siku ilipowekwa programu moja ya kugeuza nyaraka kuwa PDF, ziliingia nyingine mbili ambazo kijana hakuzijua. Tuliziondoa zote tatu kwanza, kwa sababu ukianza na kivinjari, programu iliyobaki hurudisha uchafu kompyuta inapowashwa tena. Kisha viendelezi, kimoja kilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu katika kila tovuti, na hicho ndicho kilichonitia baridi. Tukafuta ruhusa za arifa zilizopewa tovuti za kubeti, tukakata anwani iliyobandikwa mkiani mwa njia ya mkato ya kivinjari, tukarudisha mipangilio ya awali. Mwisho tukapitisha AdwCleaner, chombo kisicholipiwa kilichoanza mwaka 2011, tulichokipakua kwenye tovuti ya wenyewe, Malwarebytes. Kilikuta mabaki tuliyoyapita. Binti alibadilisha nywila yake kwa simu, amesimama mlangoni, kabla hajagusa tena ile kompyuta.

«Sasa mwalimu, wakija watu wa PDF nitawafanyiaje?»

Swali la haki, na jibu lake lilikuwapo nchini zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, isiyolipiwa na isiyo na tangazo, iliyoweza kuhifadhi waraka kuwa PDF bila msaada wa yeyote. Tuliipuuza. Nikamwekea LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, kutoka tovuti yake. Nilikuwa nikibonyeza haraka kama kawaida yangu, hadi tulipofika kwenye ukurasa wenye kisanduku kilichotiwa tiki. Kijana akanishika mkono.

«Subiri, mwalimu. Hapo pameandikwa nini?»

Kilikuwa kinaomba tu kuweka njia ya mkato kwenye eneo-kazi. Tulikisoma mara mbili.