Maji, Mifupa na Baridi Yabisi: Historia ya Maradhi ya Viungo Mkoani Singida

Mkoa wa Singida, ulioundwa mwaka 1963 baada ya Jimbo la Kati kugawanywa, umekaa juu ya uwanda mkavu wa miamba ya matale uliokatwa na Bonde la Ufa, na ingawa unajulikana zaidi kwa majabali yake, kwa alizeti na kwa maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, maji yaliyomo chini ya miamba hiyo ndiyo yaliyoacha alama ya kudumu katika miili ya Wanyaturu, Wanyiramba na majirani zao. Maji hayo, katika sehemu nyingi, hubeba floraidi, yaani chumvi ya madini inayoyeyuka kutoka mwambani, na kiwango chake hupanda pale ambapo maji yana magadi mengi na kalsiamu haba, kwa kuwa kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floraidi hiyo na kuituamisha kabla ya kufika kisimani. Singida huhesabiwa pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga, Mwanza na Mara katika ukanda wa Tanzania wenye tatizo hilo, na kwa sababu hiyo historia ya maradhi ya viungo mkoani humo haiwezi kuandikwa kwa haki ikiwa itaanzia hospitalini badala ya kisimani.

Kwa muda mrefu maji ya nyumbani yalichotwa na wanawake kutoka katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mito ya msimu, katika chemchemi na katika malambo, na kwa kuwa floraidi hutofautiana sana hata kati ya visima viwili vilivyo karibu, vijiji jirani viliweza kuwa na watu wenye meno meupe upande mmoja na wenye meno yaliyotiwa rangi ya kahawia na floraidi upande wa pili. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 uliokusudia kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, na katika nchi kavu kama Singida utekelezaji wake ulimaanisha visima virefu. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, maana kisima kirefu kilimpunguzia mama mwendo na kumwepusha mtoto na kuhara. Hata hivyo, maji yaliyokaa mwambani kwa muda mrefu ndiyo ambayo mara nyingi huwa yameyeyusha floraidi nyingi zaidi, na macho ya mchotaji, yaliyozoea kuhukumu maji kwa uangavu wake, hayakuwa na namna ya kuitambua.

Wataalamu wa maji walilijua tatizo hilo. Mwaka 1974 Tanzania iliweka viwango vya muda vya maji ya vijijini vilivyoruhusu hadi miligramu 8 za floraidi katika lita moja, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 1984 uliishia miligramu 1.5. Uamuzi huo haukutokana na uzembe, kwa sababu kufuata kiwango cha chini kungemaanisha kufunga visima ambavyo havikuwa na mbadala. Lakini kiwango cha muda kilidumu kwa miongo kadhaa kabla ya kushushwa hadi miligramu 4 na baadaye hadi 1.5, na watoto waliozaliwa wakati kilipowekwa walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, na mifupa yao imekwisha kujengwa kwa maji hayo.

Namna floraidi inavyoharibu mwili ilikuwa imeelezwa mapema. Mwaka 1932 watafiti wa Denmark waligundua mabadiliko ya mifupa kwa wafanyakazi waliovuta vumbi la madini ya kriolaiti, mwaka 1937 madaktari waliokuwa India waliyaona mabadiliko ya aina hiyo kwa wanavijiji wa Jimbo la Madras waliokunywa maji ya visima, na mwaka 1964 watafiti Grech na Latham walichapisha uchunguzi wao kuhusu kaskazini mwa Tanganyika. Floraidi inapoingia mfupani huchukua nafasi ya sehemu ya madini ya kawaida, mfupa ukawa mzito lakini dhaifu, kisha kano zinazofunga mfupa na mfupa huanza kugeuka mfupa. Maumivu ya viungo hutangulia, mgongo hukakamaa baadaye, na mwishowe mgonjwa hushindwa kugeuza shingo au kuchutama. Wapo watoto ambao miguu yao hupinda na kuwa matege.

Maumivu hayo yote yameitwa baridi yabisi, jina ambalo kwa Waswahili hufunika karibu kila ugonjwa wa viungo, ukiwemo ule ambao chanzo chake hakihusiani na maji kabisa. Ugonjwa huo wa pili, ulioelezwa na Augustin Jacob Landré-Beauvais mjini Paris mwaka 1800 na kupewa jina lake la kitabibu na Mwingereza Alfred Baring Garrod mwaka 1859, hutokana na mfumo wa kinga kugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo, ambao huvimba, ukala gegedu na kisha mfupa. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, huanza zaidi katika viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja, na alfajiri mgonjwa huamka vidole vimekaza kwa nusu saa au zaidi. Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norway alionyesha kwamba damu ya wagonjwa wengi wa aina hiyo ina kingamwili isiyo ya kawaida, na ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kuufahamu kuwa ni ugonjwa wa kinga, ndugu wa lupasi, ambayo hushambulia ngozi, figo na viungo kwa pamoja.

Kuyatenganisha maradhi haya mawili ni jambo lenye uzito mkubwa Singida kuliko katika vitabu vya Ulaya. Daktari aliyefundishwa kwa vitabu hivyo, akikutana na mwanamume mwenye mgongo uliokakamaa, huweza kufikiria kwanza ugonjwa mwingine wa kinga, ule unaounganisha pingili za uti wa mgongo, ambao huko Ulaya huambatana kwa kiasi kikubwa na alama ya kurithi iitwayo HLA-B27. Alama hiyo ni adimu sana kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, na hivyo katika Tanzania ya kati floraidi inastahili kufikiriwa mapema zaidi, pamoja na kifua kikuu cha mgongo na brusela, ambayo wafugaji huipata kwa maziwa mabichi. Picha ya eksirei ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, inayoweza kuonyesha utando ulio kati ya mifupa yake miwili ukiwa umegeuka mfupa, husaidia sana kuitambua floraidi.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba baridi yabisi ya kinga ni ugonjwa wa nadra mno kwa Waafrika. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, alitoa hoja kwamba maambukizi ya mara kwa mara ya malaria na vimelea vingine huenda ndiyo yaliyopunguza maradhi ya kinga, na majaribio yake kwa panya yaliipa hoja hiyo nguvu. Ni hoja ya kuheshimiwa, lakini uchache wa wagonjwa katika madaftari ya hospitali hauthibitishi uchache wao vijijini. Kiomboi, ilikoanzishwa hospitali na misheni ya Kilutheri ya Augustana ya Marekani iliyoingia Iramba mwaka 1926, na Makiungu, walikoanza kazi Masista wa Medical Missionaries of Mary mwaka 1954, kulikuwa na wazazi, malaria, kifua kikuu na ukoma wa kushughulikia, na mwanamke aliyevimba vidole lakini bado anaweza kutembea hakuwa mtu wa kwanza kupelekwa huko.

Gharama ya mkanganyiko huo inaonekana katika tiba. Mwenye baridi yabisi ya kinga anahitaji metotrekseti, dawa iliyoenea kwa matumizi haya tangu miaka ya 1980, na anaihitaji katika miezi ya mwanzo kabla mfupa haujaliwa, maana vidonge vya kutuliza maumivu vinavyouzwa katika kila duka la dawa haviuzuii ugonjwa. Mwenye floraidi hana dawa ya kumrudishia mifupa yake. Kinachomfaa, na kinachowafaa zaidi watoto wake, ni kubadilisha maji: kuvuna ya mvua, kuchanganya ya visima tofauti, au kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa kazi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha. Magadi ya kulainishia mboga na maharage nayo yaangaliwe, kwa kuwa yapo yenye floraidi nyingi.

Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yamekuwa chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na jambo moja lingewasaidia wananchi na waganga kwa pamoja bila gharama kubwa: kiwango cha floraidi cha kila kisima kiandikwe kwa rangi kwenye kisima chenyewe na nakala yake ipelekwe katika zahanati ya kijiji, ili mganga anayempokea mgonjwa wa viungo amuulize kwanza alikunywa maji ya kisima kipi utotoni, na akishajibiwa, avitazame vidole vyake.