Gari la Mtumba kwa Milima ya Usambara: Namna ya Kulichagua kwa Fedha Kidogo

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Inaanzia kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, mahali pa joto kali palipo mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, inapita Soni penye maporomoko ya maji, kisha inaishia kwenye mji ulio kwenye mita kama 1,400, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea kuambaa chini ya milima hadi Moshi. Kupanda juu kulibaki kazi ya barabara, na mpaka leo ni barabara hiyo inayoshusha kabichi, karoti, viazi na matunda ya Wasambaa kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Ni nyembamba, kona zake zinafuatana, upande mmoja kuna ukuta wa mlima na upande wa pili bonde, na Fuso iliyojaa mboga haina pa kukupishia.

Anayenunua gari la bei nafuu kwa ajili ya barabara hii hapaswi kuuliza maswali ya mnunuzi wa Dar es Salaam. Wa Dar huanza na ulaji wa mafuta, kiyoyozi na muonekano. Wa Lushoto aanze na breki, kisha mfumo wa kupoza injini, kisha tairi. Nguvu ya injini ifuate baada ya hayo, na rangi iwe ya mwisho kabisa.

Mlima unavyolitesa gari

Tuanze na kushuka, kwa kuwa huko ndiko watu wanakopotea. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na abiria wake, likishuka mita 1,000, huachia nishati ya megajuli 12 hivi. Hiyo inatosha kuchemsha karibu ndoo mbili za lita 20 za maji kutoka ubaridi wa kawaida. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi, sehemu huchukuliwa na injini dereva akitumia gia ndogo, na lote lililobaki hubebwa na breki. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa huku mguu ukiwa juu ya pedali njia nzima amezipa breki mzigo ambao hazikuundwa kuubeba.

Pedi zikipata joto kupita kiasi hupoteza mshiko, na harufu yake ya kuungua huingia hadi ndani ya gari. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na kipimo cha mafuta yaliyokwisha kunyonya maji ni nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia 230, yakinyonya maji hushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba, na mvuke hubonyea. Mguu unazama hadi chini huku gari likiendelea kwenda. Gari lililoishi Dar es Salaam miaka sita bila kubadilishiwa mafuta ya breki linaweza kwenda Kariakoo na kurudi kila siku bila tatizo, kisha likaonyesha ugonjwa huo siku ya kwanza linaposhuka kutoka Soni.

Kupanda nako kuna mateso yake. Shinikizo la hewa Lushoto ni pungufu kwa zaidi kidogo ya asilimia 10 kulinganisha na Mombo, hivyo injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha rejeta kinachobana vizuri hupandisha kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 110, na ndiyo maana kifuniko kilicholegea, kitu kidogo cha bei ndogo, kinaweza kuua injini nzima. Gari linalopanda kwa gia ya pili na mwendo mdogo halipati upepo wa kutosha mbele, linategemea feni. Baadhi ya mafundi wetu wana mazoea ya kutoa themostati gari likianza kuchemsha. Dawa hiyo huficha ugonjwa tu. Rejeta iliyoziba inabaki imeziba, na injini inafanya kazi ikiwa baridi mno kwenye tambarare ilhali mlimani bado inachemsha.

Haya hayajulikani Usambara peke yake. Kule Ulaya na Marekani kuna siku ambazo viwanja vya mbio hufunguliwa kwa wenye magari ya kawaida wakajipime, na wengi huenda na magari ya mtumba ya bei ya chini. Somo la kwanza wanalolipata ni kwamba breki, mafuta yake na mfumo wa kupoza huchoka mapema kuliko injini. Mazda MX-5, lililoanza kuuzwa mwaka 1989, limependwa sana kwa kazi hiyo, na sababu kubwa ni wepesi: halizidi sana tani moja, kwa hiyo kila kona hulidai kidogo. Hata sisi tuna ushahidi wetu. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za East African Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwishatumika na timu ya kiwanda katika mbio za mwaka uliotangulia. Gari la mtumba, lililofunguliwa na kukaguliwa na watu walioijua kazi, liliyapita magari mapya ya viwanda vikubwa. Sisemi hivyo ili mtu ageuze barabara ya Soni kuwa uwanja wa mbio. Barabara hiyo ina watoto wa shule, mabasi na bodaboda. Ninachosema ni kwamba matayarisho ya gari yana uzito kuliko bei yake.

Sokoni

Magari mengi ya bei nafuu Tanzania hutoka Japani, ambako watu nao huendesha upande wa kushoto. Huko gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi waliuze likiwa bado zima. Likifika bandarini Dar es Salaam linakutana na kodi. Kwa viwango vilivyotumika miaka mingi kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ambao ni sifuri kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 hadi cc 2,000, na asilimia 10 zaidi ya hapo. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Hesabu yote ikikamilika, gari kuukuu linaweza kugharimu karibu mara mbili ya bei yake ya kufika bandarini. Bajeti ya kila Juni inaweza kubadili viwango, kwa hiyo hesabu ifanywe upya kwa kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kutuma fedha.

Mwenye fedha kidogo kwa kawaida hununua gari lililokwisha kutembea nchini, na hapo ndipo lugha ya madalali inapoingia. Watakuambia ni namba D au namba E, wakimaanisha herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi lilitengenezwa lini. Toyota IST ya mwaka 2003 inaweza kuwa na namba D na ikauzwa kwa bei inayokaribia ya gari jipya zaidi. Watakuambia pia halina kipengele, injini haijafunguliwa, mmiliki alikuwa mama mmoja mtaratibu. Wasikilize kwa adabu, kisha omba kadi ya gari, linganisha namba ya chesisi iliyomo na ile iliyogongwa kwenye bodi, na usome mwaka wa kutengenezwa. Gari lililoagizwa moja kwa moja kupitia mnada wa Japani huwa na karatasi ya mnada. Alama ya R au RA humaanisha liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kilomita kwenye dashibodi zisikushawishi. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva: vikiwa vimelika huku mita inaonyesha kilomita elfu sitini, mita imechezewa.

Magari yenyewe

Toyota Vitz ya cc 1,000 hununulika kirahisi na haili mafuta mengi. Kwa mtu mmoja au wawili inapanda bila matatizo. Watu wanne na gunia la viazi wataifanya ilie njia nzima, na injini inayolia muda wote ndiyo inayochemsha. Kwa Lushoto injini ya cc 1,300 hadi 1,500 inafaa zaidi. IST yenye injini ya 1NZ ya cc 1,500 ina nguvu ya kutosha, hutumia cheni badala ya mkanda wa ndani, na vipuri vyake vipo hadi miji midogo. Injini hiyohiyo imo kwenye Probox na Succeed, magari yaliyotoka mwaka 2002 kwa ajili ya kubeba mizigo ya biashara. Probox haina urembo wowote, na kwa maoni yangu ndilo gari dogo linalofaa kuliko yote kwa familia ya mkulima wa huku, kwa sababu limetengenezwa likitarajia kupakiwa.

Corolla 110 lenye gia za mkono limesahaulika kwa sababu ya umri, na ni kosa. Ni jepesi, bei yake iko chini, na gia za mkono humpa dereva udhibiti mzuri wa kushuka kwa nguvu ya injini. Ukilinunua, badilisha mkanda wa ndani mara moja, kwa kuwa hutajua ulibadilishwa lini. Noah ya zamani yenye injini ya 3S hubeba watu wengi, lakini uzito wake huifanya kuwa gari linalohitaji breki nzuri kuliko yote niliyoyataja. Noah ya baadaye yenye injini ya D4 nisingeinunua kwa fedha kidogo, kwani mfumo wake wa mafuta ni mgumu na hautaki kubahatisha.

Wakaazi wa mbali na lami, upande wa Mlalo, Mtae au Bumbuli, watataka kitu kingine. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na huko RAV4 ya kwanza au Suzuki Escudo hustahili bei yake. Ila kuvuta kwa magurudumu yote manne husaidia kwenda tu. Kusimama ni kazi ya tairi na breki, na magari hayo ni mazito zaidi.

Kwa gari la otomatiki, kagua kama gia za 2 na L zinashika kweli. Toyota nyingi za zamani zina kitufe cha O/D kwenye mti wa gia. Ukikibonyeza taa ya O/D OFF huwaka, na gia kubwa ya mwisho hufungwa. Kitufe hicho ni rafiki mkubwa wa anayeshuka kwenda Mombo, na wengi wamemiliki gari miaka kumi bila kukigusa.

Kulikagua

Nenda asubuhi kabla gari halijawashwa, na mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta na uingize kidole. Maji ya rangi ya kutu yanamaanisha gari limeendeshwa kwa maji ya bomba na njia zake zinaliwa ndani. Utelezi wa mafuta kwenye kidole unaashiria gasketi ya silinda hedi iliyokufa, na hapo rudi nyumbani. Geuza kifuniko, utazame mpira wake kama umekakamaa au kupasuka. Kisha fungua chupa ya mafuta ya breki: yakiwa meusi, yahesabu kuwa yamekwisha.

Tairi husomwa ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikawa ngumu kama ubao kwa uzee. Pia washa hita na kipuliza cha kioo cha mbele. Baadhi ya magari yaliyoishi pwani yamezibwa mabomba ya hita yalipoanza kuvuja, na Juni hadi Agosti, ukungu unaposhuka kwenye msitu wa Magamba juu ya Lushoto, kioo kilichojaa mvuke hukufanya dereva kipofu.

Baada ya hapo lipandishe. Kama muuzaji anakubali, toka Mombo hadi Soni bila kupumzika, simama, acha injini ikinguruma dakika tano na utazame mshale wa joto pamoja na kama feni inawaka. Geuza, shuka kwa gia ndogo, na ufikapo chini bonyeza pedali kwa nguvu ukiwa umesimama. Ikibaki juu na ngumu, hiyo ni dalili nzuri. Ikizama taratibu, master silinda inavujisha ndani. Gari likivuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, huenda pistoni ya upande mmoja imeganda. Muuzaji akikataa safari hiyo, amekwisha kukujibu.

Baadhi ya kasoro zinatengenezeka kwa fedha ya kawaida: pedi, mafuta ya breki, kifuniko cha rejeta, bushi, shokapu. Chesisi iliyoungwa, giaboksi inayoteleza na injini iliyowahi kuchemsha haziendani na bajeti ndogo. Kwa hiyo gawanya fedha zako kabla hujaenda kwa dalali, na utenge za tairi nne, pedi, mafuta ya breki na kulanti. Kama IST ya namba E inazimaliza zote, na Corolla ya namba C iliyo nzima inakuachia za matengenezo hayo, chukua Corolla.