Buruji na Hadithi Zake

Katikati ya mwezi wa Novemba, mwaka mmoja, mwanafunzi wangu alinijia jioni, mkononi ameshika kipande cha gazeti. Zilikuwa zimebaki siku tatu afanye karatasi yake ya mwisho ya hisabati. Kipande kile kilikuwa cha utabiri wa nyota, nacho kilisema kwamba waliozaliwa katika Nge wasitumaini heri mwezi ule, wala wasianze jambo kubwa. Kijana huyu alizaliwa tarehe 5 Novemba. Kwa hesabu ya magazeti, yeye ni wa Nge. Hakulalamika, lakini niliona ya kuwa moyo wake umeanza kushindwa kabla ya mkono wake kushika kalamu. Nilimwuliza swali moja: "Wajua nge huyu alifikaje mbinguni?" Hakujua. Insha hii ni jawabu nililompa, ila nimeliongeza na kulipanga ili na wengine wapate kulisoma.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Katika muda wa mwaka mmoja, jua huonekana kama kwamba lasafiri mbele ya nyota, likifuata njia moja. Kwa kweli ni dunia yetu inayolizunguka, lakini macho hayaoni hivyo. Mwezi na sayari nazo haziendi mbali na njia ile. Nyota zilizo kandokando yake ziligawanywa na watu wa kale katika makundi kumi na mawili, nayo ndiyo yaitwayo buruji: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Wanafalaki wa pwani yetu huzitaja pia kwa majina yenye asili ya Kiarabu, kama vile Hamali, Thauri, Saratani na Asadi.

Waliozigawanya kwanza hawakuwa Wayunani, bali watu wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Watu hao walihitaji kalenda ya kupandia, ya kuvunia na ya kuadhimishia sikukuu zao. Kufikia karne ya tano kabla ya Kristo, walikuwa wamekwisha kuikata njia ya jua vipande kumi na viwili vilivyo sawa, kila kimoja nyuzi 30. Baadhi ya picha walizoziona katika nyota zingali zatumika hata leo: ng'ombe, mapacha, simba, mizani, nge, na mbuzi mwenye mkia wa samaki. Nyingine zimebadilika. Kundi tuliitalo Kondoo, wao waliliita Kibarua, yaani mtu aliyeajiriwa shambani.

Wayunani, yaani Wagiriki wa kale, walipoipokea elimu hii waliitilia hadithi zao wenyewe. Sababu moja ni nyepesi kufahamu. Nyota ni nyingi, na akili husahau hesabu upesi kuliko isahauvyo kisa. Baharia aliyekariri kisa cha mwindaji na nge hakupotewa na mahali pa nyota zao. Mshairi Aratus, wa karne ya tatu kabla ya Kristo, alitunga utenzi mrefu juu ya nyota, na utenzi huo ulisomwa na kufasiriwa kwa muda wa karne nyingi. Lakini sababu ya pili ni kubwa zaidi: katika hadithi zile Wayunani waliweka mambo waliyoyaheshimu na mambo waliyoyaogopa katika mwenendo wa mwanadamu.

Tutazame kwanza nge aliyemtia hofu mwanafunzi wangu. Alikuwapo mwindaji mmoja hodari, jina lake Orion. Siku moja alijigamba kwamba hakuna mnyama atakayesalimika mbele yake. Atawaua wote waliomo duniani. Gaia, ambaye ndiye Dunia, mama wa viumbe, alichukizwa na maneno hayo. Hakumpelekea jitu wala joka; alimpelekea nge tu. Nge alimdunga Orion, na mwindaji yule mkubwa akafa. Wote wawili wakawekwa mbinguni, kila mmoja upande wake, hata leo nge achomozapo mashariki, Orion huzama magharibi. Sisi wa Kenya, ambao ikweta yapita katika nchi yetu, twaweza kuwaona wote wawili vizuri: Orion katika usiku wa Desemba na Januari, na Nge katika usiku wa Juni na Julai. Wazee wetu husema, mdharau mwiba mguu huota tende. Wayunani walilisema neno hilo hilo kwa nyota. Basi katika hadithi hii nge si mleta nuksi. Ni mkomeshaji wa majivuno.

Karibu na Nge wako Mizani na Mashuke, nao wana kisa kizito kuliko vyote. Aratus asimulia kwamba bikira aonekanaye katika kundi la Mashuke ni Haki. Zamani za kwanza, zama za dhahabu, Haki alikaa pamoja na watu, akaketi na wazee barazani, akawafundisha sheria njema. Katika zama za fedha watu walipunguza wema, naye akahamia milimani, akawa hushuka jioni tu kuwakemea. Zikaja zama za shaba. Watu wakafua panga, wakamchinja ng'ombe wa kulimia wakamla. Hapo Haki aliwachukia, akaruka mbinguni, na huko ndiko aonekanako usiku. Mkononi ameshika shuke la nafaka, na nyota ing'aayo mahali pale ndiyo iitwayo Spica, maana yake shuke. Mizani iliyo karibu naye Wayunani waliihesabu kuwa makucha ya Nge. Warumi ndio walioisimamisha tena kuwa mizani kama ilivyokuwa Babeli. Maana ya kisa hiki haihitaji mfasiri: haki haifukuzwi kwa siku moja, huondoka hatua kwa hatua, kwa kadiri watu wanavyozoea dhuluma.

Kisa cha Mapacha ni cha undugu. Castor na Polydeuces walizaliwa na mama mmoja, Leda, lakini Castor alikuwa mtu wa kufa, na Polydeuces, mwana wa Zeus, hakuwa wa kufa. Castor alipouawa katika ugomvi, nduguye hakukubali kuishi milele peke yake. Alimwomba Zeus agawane na Castor uhai wake, akakubaliwa. Wakawa pamoja, siku moja kuzimu na siku moja kwa miungu. Mabaharia wa Kiyunani waliwaomba ndugu hawa wawaokoe katika dhoruba.

Kondoo naye ni kisa cha wokovu. Ino, mama wa kambo, aliwachukia Phrixus na Helle, watoto wa mumewe. Aliwafanya wanawake wa nchi wakaange mbegu kwa siri, ili zisiote. Kisha akawahonga wajumbe waseme kwamba miungu yataka Phrixus atolewe sadaka ndipo njaa iishe. Mama yao mzazi, Nephele, aliwapelekea kondoo dume mwenye manyoya ya dhahabu, akawapakia mgongoni na kuruka nao. Helle alianguka baharini, na mlangobahari ule, ulio katika Uturuki ya leo, Wayunani waliuita bahari ya Helle. Phrixus alifika salama Colchis, upande wa Georgia ya leo. Kondoo aliyemwokoa akachinjwa kwa sadaka, na sura yake ikatiwa katika nyota.

Kaa na Simba wote wawili walikufa kwa mkono wa Heracles, shujaa mwenye nguvu kupita wote. Simba wa Nemea alikuwa na ngozi isiyopenywa na silaha. Heracles alimkaba koo, kisha akamchuna kwa kucha zake mwenyewe. Kaa alitumwa na Hera, aliyemchukia Heracles, amwume mguu alipokuwa akipigana na nyoka wa vichwa vingi. Alimwuma, akakanyagwa, akafa. Hera akamweka mbinguni kwa sababu alitii. Nyota zake ni hafifu kuliko za buruji nyingine zote, lakini hakunyimwa mahali pake.

Waliobaki tutawataja kwa ufupi. Ng'ombe ni Zeus aliyejigeuza fahali akamchukua binti Europa kutoka pwani ya Lebanoni hata kisiwa cha Krete. Begani mwa Ng'ombe huyo pana kikundi cha nyota ambacho wakulima wetu wakijua bila ya kufundishwa na Myunani: ndicho Kilimia, nyota za kulima. Mshale ni wa Crotus, aliyekaa na mabinti wa sanaa na kuwa wa kwanza kupiga makofi kusifu kazi njema ya wengine. Mbuzi ni Pan, aliyejitosa mtoni kulikimbia jitu Typhon, na nusu ya mwili wake ikawa samaki. Samaki ni Aphrodite na mwanawe Eros, waliolikimbia jitu hilo hilo. Ndoo ni ya kijana Ganymede, mnyweshaji wa miungu.

Sasa, ewe msomaji, pima hadithi hizi zote. Je, iko hata moja isemayo kwamba mtoto aliyezaliwa mwezi fulani atakuwa mwenye bahati au mwenye nuksi? Hakuna. Kutazamia kwa nyota ni tawi jingine, nalo pia lilianzia Babeli. Hesabu ya kuzaliwa kwa mtoto iliyo ya kale kabisa kati ya zile zinazojulikana ni ya mwaka 410 kabla ya Kristo. Katika karne ya pili baada ya Kristo, mtaalamu Ptolemy wa Alexandria, nchini Misri, aliandika kitabu kimoja cha hesabu za nyota na kingine cha utabiri. Vitabu vyote viwili vilifasiriwa kwa Kiarabu, na kwa njia ya elimu ya Waarabu majina ya buruji yalifika pwani yetu. Hivyo elimu na utabiri vilisafiri katika jahazi moja, na watu wakavidhania kuwa shehena moja.

Lakini hesabu yenyewe yaukanusha utabiri. Mhimili wa dunia huyumba taratibu mno, kama pia ianzapo kuchoka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua miaka ipatayo 26,000. Hipparchus, Myunani wa karne ya pili kabla ya Kristo, ndiye aliyeligundua jambo hili. Zamani zake, tarehe 21 Machi au karibu yake, usiku na mchana vilipolingana, jua lilikuwa katika nyota za Kondoo. Leo siku hiyo jua limo katika Samaki. Magazeti yangali yafuata mgawanyo wa zamani. Tena, kwa mipaka ya nyota iliyowekwa na wanafalaki wa dunia mwaka 1930, jua hupita pia katika kundi la kumi na tatu, la Mshika Nyoka, kati ya Nge na Mshale, utabiri haulihesabu.

Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba tarehe 5 Novemba jua haliko katika Nge, bali katika Mizani. Alicheka, kisha akataka tutoke nje nimwonyeshe nge wake. Nikamjibu kwamba katika Novemba Nge haonekani usiku, kwa maana amekaa karibu na jua. Angoje mpaka Juni. Akakikunja kile kipande cha gazeti, akarudi kwenye vitabu vyake.

Wayunani hawakuziandika hadithi zao mbinguni ili watuambie yatakayotupata. Waliziandika ili kila ainuaye macho usiku akumbuke kwamba majivuno huangushwa na kidogo, kwamba ndugu ni bora kuliko uhai wa peke yako, na kwamba haki ikiudhiwa huondoka. Kuchagua kati ya mambo hayo ni kazi yetu sisi tulioko chini.