Udongo wa Kaburi na Ruhusa ya Bwana Jela

Mfungwa aliyefiwa hungojea mambo mawili: habari na ruhusa. Habari hupenya kuta za jela. Ruhusa haipiti ila kwa mkono wa bwana jela.

Mwaka 1968 Nelson Mandela alikuwa akitumikia kifungo chake cha maisha katika Kisiwa cha Robben. Mama yake, Nosekeni, alikuwa amefunga safari kutoka Transkei kwenda kumtazama. Kisha ikaletwa simu ya maandishi: mama amefariki ghafla kwa maradhi ya moyo. Mandela alikuwa mwanawe wa kwanza na mwanamume wa pekee; kwa mila yao, kumzika kulikuwa juu yake. Akaomba ruhusa. Mkuu wa gereza akamjibu kwamba anaamini hatatoroka, ila anachelea watu wake wasije wakamteka njiani. Akanyimwa.

Julai 1969 ikaja simu nyingine. Thembi, mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 24, amekufa katika ajali ya gari. Baba akaomba tena, akanyimwa tena. Walter Sisulu aliingia chumbani mwake, akaisoma simu ile, akamshika mkono asiseme neno.

Je, dunia ilikuwa haina kanuni? Ilikuwa nayo. Mwaka 1955, mjini Geneva, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa. Kanuni ya 44 ilitaka mfungwa aarifiwe mara moja jamaa yake wa karibu anapofariki. Na jamaa huyo akiwa mahututi, mfungwa aruhusiwe, inapowezekana, kwenda kumwona kitandani, peke yake au chini ya ulinzi. Kuhusu maziko kanuni ilinyamaza. Na aliyekufa ghafla hana kitanda cha kuzuriwa. Ana kaburi tu.

Mandela aliachiwa huru Februari 1990, na mwaka huohuo akaenda Qunu kuzuru kaburi la mama yake. Alilikuta limefunikwa kwa vijiwe vichache na matofali.

Tarehe 17 Desemba 2015, miaka miwili baada ya yeye mwenyewe kufariki, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha kanuni zile upya na kuzipa jina lake. Katika Kanuni ya 70 liliongezwa jambo lililokosekana mwaka 1955: mfungwa aruhusiwe pia kuhudhuria maziko.

Hivyo ruhusa aliyonyimwa mara mbili sasa imeandikwa katika kanuni zenye jina lake. Lakini neno “inapowezekana” halikufutwa, wala kanuni hizi hazina nguvu ya kuilazimisha dola yoyote. Mwenye kupima kama inawezekana au haiwezekani ni yuleyule mwenye funguo. Na maiti haingoji.